Mgonjwa wa Hajjat Risolat

Nilipunguza kilo hamsini na tisa, na katika mtaa wetu mzima pale Margilan, mji wetu wa Kiuzbeki, hakutokea hata mtu mmoja wa kunipongeza. Wanawake walinitazama, wakashusha macho, wakaniuliza kama nimekula. Fundi viatu wa pale kona, mzee ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akiitikia salamu yangu kwa kuguna tu, siku moja alisimama nilipopita mbele ya kibanda chake, akaweka mkono kifuani. Nilidhani ni heshima. Mjinga mimi.

Nataka ijulikane mapema kwamba sikuugua. Nilikuwa na kilo mia moja thelathini na moja, na sikuzaliwa nazo. Nilizipata katika nyumba ya mume wangu, kijiko kwa kijiko. Kila nilipojifungua, nililazwa siku arobaini nikinyweshwa mchuzi wenye mafuta ya mkia wa kondoo. Wageni wakiondoka na pilau ikabaki, mama mkwe wangu, Hajjat Risolat, alinisukumia sahani. "Malizia, mkamwana, ni dhambi kumwaga." Nikamalizia kwa miaka kumi na tisa. Halafu ikafika siku nikashindwa kuinuka kutoka kwenye kitambaa cha chakula kilichotandikwa sakafuni, mwanangu Munisa akanivuta mkono huu na shoga yake akanivuta mkono ule, na wageni wakajifanya wanatazama chai.

Kuanzia kesho yake niliacha mkate, nikaacha sukari, nikaacha mafuta. Kila alfajiri, kabla ya kufagia ua, nilitembea kando ya mfereji hadi kwenye kinu cha zamani na kurudi. Miaka miwili nilitembea, katika theluji na katika joto la kukausha midomo. Nilifika kilo sabini na mbili nikabaki hapo. Kazi ile niliifanya mwenyewe, sikusaidiwa na mtu.

Lakini ngozi haikuondoka na mafuta. Ilibaki yote, ya mwanamke wa kilo mia na thelathini, ikining'inia juu ya mwanamke mwingine. Tumbo lilishuka hadi katikati ya mapaja. Asubuhi nililikunja, nikalifunga kwa kitambaa kirefu cha pamba, nikavaa suruali juu yake, na gauni la hariri juu ya suruali. Chini ya mkunjo ule palikuwa pabichi mwaka mzima. Wakati wa joto palichubuka, pakatoa maji, pakanuka, nami nilikuwa fundi wa kushona magodoro ya harusi, nimekaa chini kutwa nzima katikati ya wanawake. Nilibadilisha vitambaa mara tatu kwa siku nikijificha bafuni. Aliyejua hayo ni Munisa peke yake, kwa sababu ndiye aliyekuwa akinifulia vile vitambaa. Nilitaka kitu kimoja tu duniani: mtu aikate ngozi ile aitupe.

Sasa nieleze habari za Hajjat. Kwetu, mkamwana akinenepa, nyumba inasifiwa. Akikonda, watu hawamtazami yeye, wanaitazama nyumba. Wanasema mama mkwe anafungia jiko. Hajjat Risolat alikuwa ameshakwenda Makka mara mbili, ndiye aliyekaa nafasi ya juu katika kila shughuli ya mtaa, na hakuna kitu alichokiogopa kama mdomo wa jirani. Mbele ya wageni alinijazia nyama kwenye sahani kwa mkono wake mwenyewe. "Kula, binti, watu wasije wakasema nakunyima." Nami nikaisogeza sahani pembeni. Mwanzo alikasirika. Baadaye akanyamaza, na kimya cha Hajjat Risolat kilipaswa kunitisha, lakini mimi nilikifurahia.

Vuli iliyopita walikuja washenga kumtazama Munisa, watu wa familia ya mfamasia, watu wa kueleweka. Walikuja mara mbili wakala, wakacheka, wakaomba kuona mikono ya binti. Mara ya tatu hawakuja. Nikamuuliza Hajjat kulikoni. Akaniambia, "Wamekuona wewe. Uso umekunyauka, umezeeka kabla yangu. Nani atachukua binti wa mama wa namna hiyo?" Nikalia siku mbili. Munisa mwenyewe aliendelea kunifulia vitambaa. Tena mwezi uleule, huyu mtoto aliyekuwa amefaulu kwenda kusomea uuguzi Tashkent akasema haendi. Atakaa nyumbani, akasema, atanisaidia. Nilimfokea mpaka koo likaniuma. Nilimwita mvivu, nikamwita mwoga. Akainama akaendelea kukanda unga.

Kwa hiyo niliposema nataka kwenda Delhi, kwa daktari wa kukata ngozi, nilijiandaa kwa vita. Vita haikuja. Mume wangu Ilhom, ambaye yuko Kazan kwenye ujenzi na hupiga simu kila Ijumaa, hakunibishia hata dakika moja. "Nenda," alisema. "Nenda mpenzi, nitauza gari." Mpenzi! Ilhom hajaniita mpenzi tangu tuoane. Na Hajjat akasema atanisindikiza yeye mwenyewe, na kwamba wakala wa huko atamtafuta yeye, na fomu atazijaza yeye, maana hayo ni mambo ya wakubwa. Nilimbusu mikono yote miwili. Nikikumbuka busu lile natamani kuosha mdomo kwa sabuni.

Siku ya kuondoka, mtaa mzima ulijaa uani. Walinikumbatia mmoja mmoja, wakalia. Bi Matluba wa nyumba ya pili aliniomba radhi kwa sufuria aliyoazima akaipoteza mwaka wa harusi yangu. Mwingine akaomba radhi kwa neno alilonisema mwaka gani sijui. "Turidhiane, Sanobar, turidhiane." Nami nikacheka, nikawaambia, "Jamani, nakwenda kukatwa ngozi, siendi vitani!" Hakuna aliyecheka. Wakazidi kulia.

Wakala wetu Delhi aliitwa Shahlo. Msichana wa mtaani kwetu hasa, mtoto wa huyohuyo Bi Matluba, aliyekwenda India kusoma akabaki kusindikiza wagonjwa na kuwatafsiria. Alitupokea uwanja wa ndege na maua, akamwinamia Hajjat, akanishika mimi mkono kwa vidole viwili, taratibu. Nikadhani amejifunza adabu za kigeni.

Kesho yake saa nne asubuhi tulikuwa ofisini kwa Daktari Sabharwal, mwanamke wa makamo mwenye nywele fupi na viatu vya michezo. Hajjat hakungoja kuulizwa. Alikaa kiti cha mbele, akaniachia cha nyuma, akaanza. "Mwambie daktari aanze na uso. Mashavu yajazwe kidogo, na hapa chini ya macho. Akirudi awe na sura ya mtu."

"Mama," nikasema, "hatukuja kwa uso."

"Uso ndio unaoonekana. Tumbo nani analiona?"

"Ninaliona mimi!"

"Punguza sauti. Uko ugenini."

Shahlo akatafsiri, sijui alitafsiri lipi. Daktari akatutazama sote watatu, kisha akanielekezea mimi kidole na kuonyesha pazia. Nikaingia nyuma ya pazia, nikavua gauni, nikavua suruali, nikafungua kitambaa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwonyesha mtu mzima.

Daktari alipiga magoti. Magoti kabisa, sakafuni, mbele yangu. Akainua ile ngozi kwa mikono miwili, akatazama chini yake, akavuta pumzi kwa meno. Akauliza vidonda vina muda gani, uzito wangu umesimama tangu lini, nakula nini, nyama au maharage, kiasi gani. Nikajibu yote, na Shahlo akayapeleka kutoka upande wa pili wa pazia. Uzito umesimama miezi minane. Daktari akabana ngozi, akapima kwa utepe, akanionyesha kwa kidole mstari utakapopita: kutoka nyonga hii hadi nyonga ile, na mwingine kutoka juu kushuka chini. Kitovu kitahamishwa. Nitalala na mirija siku kadhaa, nitavaa mkanda wa kubana wiki sita, na kovu halitaondoka maisha yangu yote. Nikasema kovu nalitaka, nipeni hata leo. Daktari akacheka. Akasema jambo refu, na Shahlo akalitafsiri polepole. "Anasema umefanya kazi kubwa, dada. Anasema katika watu mia, wanaofika hapo kwa miguu yao ni wachache mno. Anakupongeza."

Hapo ndipo nilipolia. Miaka miwili, na neno hilo nimelipata kwa mtu nisiyejua hata jina lake la kwanza.

Nikavaa, nikatoka. Daktari alikuwa ameshakaa, amefungua faili langu. Akasoma ukurasa wa kwanza, akafunua wa pili, akarudi wa kwanza. Tabasamu likatoweka usoni. Akamuuliza Shahlo swali, na Shahlo akamtazama Hajjat.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Mambo ya historia tu, dada."

"Historia gani?"

"Ya afya. Dada Sanobar, labda ungetoka nje kidogo, niongee na Hajjat."

"Tumbo ni langu, Shahlo. Nitoke niende wapi?"

Daktari akagonga karatasi kwa kalamu, akatamka neno ambalo hata mimi nalijua. Limeandikwa kwenye mabango ya kila hospitali, huko na huku.

"Saratani?" nikasema. "Ya nani?"

Shahlo alikuwa ameinamisha kichwa. "Ya damu," akasema. "Yako, dada. Imeandikwa kwenye fomu. Umetibiwa miezi kumi na minne."

Nikacheka. Kweli nilicheka, nikasema fomu zimechanganyika, watu wa hospitali wanachanganya hata watoto. Nikamwambia Shahlo amweleze daktari kwamba sijawahi kuugua hata malaria, kwamba nilikonda kwa kuacha mkate na kutembea kando ya mfereji, kwamba Margilan nzima inajua. Shahlo akaeleza. Alieleza kwa muda mrefu kuliko nilivyosema mimi. Na nilipomtazama daktari, nilimwona ananitazama kwa huruma.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ulivyosema."

"Na nini tena?"

Machozi yalikuwa yamemlengalenga. "Nimemwambia kwamba kwetu mgonjwa haambiwi."

Ni kweli, haambiwi. Kwetu mtu akipata ugonjwa ule, wanaambiwa wote isipokuwa yeye. Mimi mwenyewe nimeshafanya hivyo. Bi Inobat, jirani yetu wa upande wa bomba, nilikaa kitandani pake nikila zabibu zake nikimwambia ni mawe ya nyongo, atapona kabla ya matikiti kuiva. Nilimwambia hivyo mpaka wiki aliyozikwa. Naijua sauti tunayoitumia. Naujua mkono tunaomshika mgonjwa, kwa vidole viwili, taratibu. Na pale ofisini, nimesimama na vifungo vya gauni havijafungwa vyote, nikaona kila kitu kwa mpigo: fundi viatu na mkono wake kifuani, Bi Matluba na sufuria yake, lile neno "mpenzi" la Ilhom. Washenga wa mfamasia, ambao uso wangu haukuwatisha hata kidogo. Damu ndiyo iliyowatisha, damu ambayo ingeweza kuwa na Munisa pia.

Nikamgeukia Hajjat. "Mama. Wewe ndiye uliyejaza fomu."

Alikuwa anapanga ncha za ushungi wake.

"Uliwaambia watu ninaumwa. Ili wasiseme unaninyima chakula. Na kwenye fomu ukaandika hivyohivyo, maana Shahlo ni wa mtaa wetu."

"Usipayuke mbele ya watu."

"Miezi kumi na minne! Umeniua miezi kumi na minne, na mimi nakupikia chai kila asubuhi!"

Daktari alikuwa anasema tena, kwa upole, na Shahlo akatafsiri huku sauti ikimkatika. Hawezi kunikata. Hata damu ikipimwa leo ikaonekana safi, mtu aliyetibiwa ugonjwa ule anahitaji barua ya daktari wake wa nyumbani, na baada ya barua, kusubiri. Turudi mwakani, panapo majaaliwa.

Barua ya daktari gani? Ugonjwa hakuna, matibabu hakuna, daktari atoke wapi? Nikavuta mkono wa gauni hadi begani, nikaunyoosha mkono juu ya meza, juu ya faili lenyewe. "Chukua damu," nikamwambia kwa Kiuzbeki, sikujali. "Chukua yote. Tafuta." Daktari akanishika kiganja, akakirudisha polepole. Nilikuwa mgonjwa asiyejua, na mgonjwa asiyejua hasikilizwi. Kadiri nilivyopiga kelele ndivyo nilivyozidi kuwa yeye. Halafu daktari akafanya jambo la haki, jambo ambalo ningelifanya hata mimi. Akamgeukia aliyeandika fomu.

"Anakuuliza wewe, Hajjat," Shahlo akasema. "Anauliza, yaliyoandikwa hapa ni kweli au si kweli? Ukisema si kweli atayafuta, utatia sahihi, na atampima upya."

Neno moja tu. Mama yule angetamka neno moja, ningekatwa. Niliona anamtazama Shahlo, na nikajua anachokitazama: hamwoni Shahlo, anamwona Bi Matluba nyumba ya pili, na simu ya jioni hii kutoka Delhi, na kesho asubuhi kisimani pote wakijua kwamba Hajjat Risolat, aliyekwenda Makka mara mbili, alimtangazia mkamwana wake kifo.

"Mama," nikasema. Nilishusha sauti, Mungu ananiona. Nilimsihi. "Mama, nakuomba. Nitasema nilikosea mimi. Nitasema chochote unachotaka mtaani. Hapa tu, mwambie huyu."

Akamshika Shahlo mkono. "Maskini," akasema, "hajui. Mwambie daktari asimshtue zaidi."

Alisema hivyo mbele yangu, macho makavu.

Nimeshasikia watu wakisema kwamba hasira inapofusha. Mimi ilinifumbua. Nilikaa chini, nikatoa simu mkobani. Wanawake wa mtaa wetu tuna kundi la simu, arobaini na moja, la kupeana habari za shughuli na zamu za kupika. Nikafungua kundi, nikabonyeza pa kurekodi sauti. Hajjat aliona. "Unafanya nini? Sanobar, unafanya nini?" Sauti yake ikaingia pia, na sikuifuta.

Nilisema hivi: "Assalamu alaykum, majirani. Ni mimi Sanobar, mke wa Ilhom. Niko Delhi kwa daktari wa ngozi. Siumwi. Sikuwahi kuumwa, si damu, si kitu kingine. Nilikonda kwa kutaka kwangu, nikatembea kando ya mfereji, nyinyi mliniona. Aliyewaambia ninaumwa ni Hajjat Risolat, kwa sababu aliogopa mtasema ananinyima chakula. Hakuninyima. Alinilisha mpaka nikashindwa kusimama. Mfamasia aambiwe kwamba binti yangu hana kasoro, na aambiwe pia kwamba sasa ni sisi tusiomtaka. Kwa machozi yenu ahsanteni. Bi Matluba, sufuria nimekusamehe." Nikaachia kidole, ujumbe ukaenda.

Shahlo alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Daktari akamwuliza, naye akatafsiri, kwa mara ya kwanza nadhani neno kwa neno, maana daktari alivua miwani. Hajjat alikuwa amegeuka rangi.

"Umenimaliza," akaniambia. "Umeivunja nyumba."

"Vizuri," nikasema.

Simu ikaanza kulia na kutetema, ujumbe juu ya ujumbe. Sikuusoma hata mmoja. Kisha ikaita, na lilikuwa jina la Munisa. Niliweka sauti ya nje kwa sababu nilitaka yule bibi asikie.

"Mama?" Alikuwa anahema, kama mtu aliyepanda ngazi. "Mama, nimesikiliza mara tatu. Ni kweli?"

"Ni kweli, mwanangu."

"Yaani hufi?"

"Sifi. Nani alikwambia ninakufa?"

"Bibi. Tangu mwaka jana. Akaniapisha nisikwambie, akasema ukijua utaondoka haraka."

Kwa hiyo alijua alipokuwa anakanda ule unga. Alijua nilipomwita mvivu. Chuo cha Tashkent alikiacha akae na mtu anayekufa, na mtu huyo akamfokea kila siku.

"Mama, usiniudhikie," akasema, akaanza kulia kwa sauti, kama alivyokuwa analia mdogo. "Nilikwenda kwa Bi Otin, yule anayeosha maiti. Nimekwenda majira yote ya baridi, Alhamisi. Nilimwomba anifundishe kuosha. Nilitaka nikuoshe mimi, peke yangu, mlango umefungwa. Ili asije mtu akaiona ngozi yako."

Nilimwambia mwanangu aende akanawe uso, ale, nitampigia baada ya saa moja. Nilimwambia asimwendee tena Bi Otin. Alikuwa hataki kukata simu, nikakata mimi.

Hajjat Risolat alikuwa anaitazama sakafu. Kisha akasema, na hakunisemesha mimi, alimsemesha Shahlo, kwa ile sauti yake ya kuagiza chai: "Mwambie daktari hana kitu. Niliandika mimi. Lete nitie sahihi."

Sasa. Sasa ndiyo alisema, uongo ulipokuwa haumfai tena kwa lolote. Daktari akapiga mstari juu ya ukurasa wa kwanza, akapiga juu ya wa pili, akamsogezea kalamu. Alitia sahihi polepole, herufi zote za jina, pamoja na Hajjat. Daktari akasema damu ichukuliwe leo, majibu keshokutwa, na kama ni safi, Jumamosi asubuhi nije bila kula. Sasa anataka kunipima tena vizuri, achore mistari na kupiga picha za faili. Akaonyesha pazia.

Hajjat alijishika kiti akainuka, akachukua mkoba wangu na kitambaa changu cha pamba, akaelekea penye pazia. Ndivyo ilivyo desturi, mkubwa hamwachi mkamwana na mgeni. "Twende," akasema. "Nitakushikia nguo."

Katika miaka ishirini na moja sikuwahi kumwita kwa jina, sikuwahi kukaa kabla hajakaa, sikuwahi kumpa mgongo nikitoka chumbani. Nikamnyang'anya kitambaa mkononi.

"Toka nje," nikamwambia.

Alisimama, akanitazama kama hakusikia. Akamtazama Shahlo, Shahlo akatazama dirisha. Ushungi ulikuwa umemteleza, nywele nyeupe zinaonekana, na wala hakuurekebisha.

"Mimi ni mama yako," akasema.

"Toka nje, Risolat. Ngozi yangu huioni."

Akatoka. Nikaingia nyuma ya pazia nikavua nguo, na Daktari Sabharwal akafungua kalamu nene ya zambarau akaanza kuchora pale patakapokatwa.